Sura ya Sita: Mchumba Mwenye Meno

Hakuna mwalimu wa uandishi ambaye angemshauri mwanafunzi wake aanze kama alivyoanza Stephenie Meyer. Mwaka 2003 alikuwa mama wa watoto watatu wadogo jimboni Arizona, Marekani, na hajawahi kuchapisha hata hadithi fupi. Juni 2 aliamka na ndoto iliyokataa kumtoka. Msichana na kijana wamekaa kwenye uwanda wa majani katikati ya msitu, wanazungumza. Kijana ni mnyonya damu. Anampenda binti yule kwa moyo wote, na wakati huohuo harufu ya damu yake inamtia kiu ya kumuua. Wanajadiliana wafanye nini.

Meyer aliiandika ndoto hiyo kwanza, akaendelea nayo hadi mwisho wa kisa, ndipo akarudi nyuma kutunga mwanzo. Ndoto yenyewe ikawa sura ya 13. Mji wa kuwaweka wahusika wake aliupata kwenye intaneti: alitafuta mahali penye mvua nyingi nchini Marekani, kwa kuwa wanyonya damu wake hukwepa jua, akaangukia Forks, mji mdogo wa wakata magogo jimboni Washington. Hakuwa ameutia machoni.

Alituma barua 15 kwa mawakala wa vitabu. Tano hazikujibiwa, tisa zikakataliwa, moja ikakubaliwa. Kabla mwaka haujaisha, kampuni ya Little, Brown ilikuwa imemwahidi dola 750,000 kwa vitabu vitatu. Twilight ikatoka Oktoba 2005. Kitabu cha nne, Breaking Dawn, kilipoingia madukani Agosti 2, 2008, nakala milioni 1.3 zilinunuliwa Marekani kwa siku moja. Novemba mwaka huo ikaja filamu iliyoongozwa na Catherine Hardwicke, nayo ikaingiza karibu dola milioni 400 duniani. Mfululizo mzima umeuza zaidi ya nakala milioni 100.

Vitabu vya mapenzi hutoka kila mwaka kwa maelfu, vingi vikafa kimya. Hiki kilikuwa na nini? Jibu limo katika kipindi kimoja cha bayolojia.

Bella ni mgeni shuleni. Ana miaka 17, ametoka mji wa jua na kuja kuishi na baba yake kwenye mji wa mvua. Kiti pekee kilichobaki kipo kando ya Edward Cullen, mvulana mzuri kuliko wote darasani. Anapopita mbele yake, Edward anakakamaa. Anasogeza kiti hadi ukingo wa meza, anageuza uso, anakunja ngumi na kuikaza kipindi kizima. Kengele ikilia tu, ametoka. Bella, akiwa amefadhaika, ananusa nywele zake mwenyewe. Zinanukia shampuu ya stroberi. Baada ya masomo anamkuta Edward ofisini akimbembeleza karani amhamishie kipindi kingine, chochote kile, mradi asikae tena pale.

Kila aliyepita umri wa miaka 15 anaijua hofu ya kujinusa. Ninanuka? Wananicheka? Kwa nini yule amehama kiti? Meyer alichukua aibu hiyo ndogo ya kila siku akaipa jibu ambalo hakuna msichana aliyewahi kuliota: hakuhama kwa sababu unanuka, alihama kwa sababu unanukia kupita kiasi, na angebaki dakika tano zaidi angekuua. Kutokuwa na thamani kumegeuzwa kuwa thamani ya kutisha. Baada ya hapo msomaji haweki kitabu chini.

Kuna jambo la pili, nalo watu wazima wengi hulipita. Kisa kizima kimesimama juu ya kujizuia. Edward anaogopa hata kumbusu Bella, maana akijisahau kidogo tu atamdhuru. Meyer ni muumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, na kijana wake, aliyezaliwa 1901, ana adabu za zama zake: anakataa kulala na Bella kabla ya ndoa, na ndoa inafungwa katika kitabu cha nne. Kwa kigezo hicho, wazazi wengi wa Tanga na Lamu wasingekuwa na neno naye. Neno lipo kwingine.

Posa ya kila jioni

Mnyama anayependa binti hakuanzia Forks. Mwaka 1740 Mfaransa Gabrielle-Suzanne de Villeneuve alichapisha kisa kirefu cha msichana anayepelekwa kuishi katika jumba la mnyama wa kutisha, kulipia kosa la baba yake aliyechuma ua la waridi bila ruhusa. Mwaka 1756 Jeanne-Marie Leprince de Beaumont, mwalimu wa watoto wa matajiri mjini London, alikifupisha na kukiingiza katika kitabu chake cha kuwafunza wasichana. Ufupisho huo ndio uliozaa filamu na vitabu vya picha vinavyojulikana leo kila mahali.

Tuutazame kwa makini, maana umebeba kipimo nitakachokitumia sura hii yote. Binti amefika pale kwa sababu ya deni la mzazi. Katika Ulaya ya wakati ule, baba aliweza kumwoza binti kwa mwanamume ambaye binti hajawahi kumwona, na wahakiki wengi wamekisoma kisa hiki kama mazungumzo ya chini kwa chini kuhusu ndoa za aina hiyo. Lakini ndani ya jumba mambo yanabadilika. Mnyama anamwambia binti kwamba mwenye amri humu ndani ni yeye, na akichoshwa na uso huu mbaya amfukuze tu. Kila jioni, wakati wa chakula, anamposa. Kila jioni binti anasema hapana. Mnyama anahema kwa huzuni, anaaga, anaondoka. Kesho yake anauliza tena, na jibu likiwa hapana, linabaki hapana. Makucha anayo, meno anayo, jumba ni lake, na bado neno la msichana asiye na silaha linamsimamisha mlangoni.

Mnyonya damu alikuja kwa njia nyingine. Aprili 1815 mlima Tambora, katika Indonesia ya leo, ulilipuka, na majivu yake yakavuruga hali ya hewa hata Ulaya ikakosa kiangazi mwaka uliofuata. Mwaka huo wa 1816 mshairi Byron na wageni wake walifungiwa na mvua kwenye nyumba kando ya Ziwa Geneva. Byron akapendekeza kila mmoja atunge kisa cha kutisha. Mary, msichana wa miaka 18 ambaye dunia ingemjua kama Mary Shelley, akaanza Frankenstein. John Polidori, daktari wa Byron, kijana wa miaka 20, akaokota wazo ambalo Byron alilianza na kuliacha. Likawa The Vampyre, iliyochapishwa 1819 ikiwa na jina la Byron ili iuzike.

Kabla ya Polidori, mnyonya damu wa vijiji vya Ulaya ya Mashariki alikuwa maiti iliyovimba, mara nyingi ya mkulima wa kawaida, inayofukuliwa na kuchomwa mti kifuani. Polidori alimpa cheo, mavazi ya kitajiri na mwaliko wa karamu za London. Akamwongezea silaha ya hatari zaidi: kiapo. Bwana Ruthven anamwapisha rafiki yake kijana asiseme lolote alilojua kumhusu kwa mwaka mmoja na siku moja. Kijana anatunza ahadi, na muda huo haujaisha Ruthven anamposa dada yake na kumuua. Dada alisema ndiyo bila kujua anamwambia nani.

Waliofuata walizidi kumsogeza kiumbe huyu karibu na msomaji. Sheridan Le Fanu katika Carmilla ya 1872 alimfanya msichana anayemwinda msichana mwenzake mpweke katika ngome ya Austria. Dracula ya Bram Stoker, 1897, ilimrudisha kuwa adui wa kuwindwa na wanaume. Anne Rice mwaka 1976 alimpa nafasi ya kujieleza mwenyewe, na msomaji akajikuta anamhurumia muuaji. L. J. Smith mwaka 1991 alimwandikisha shule ya sekondari katika The Vampire Diaries. Meyer alipoamka na ndoto yake, kiti cha darasani kilikuwa tayari kimeandaliwa.

Kwetu zimwi halibadiliki

Msichana wa pwani au wa bara hakuwa na haja ya Polidori kujua kwamba mgeni mzuri mno ni wa kuogopwa. Kisa chenyewe kinasimuliwa kwa namna nyingi Afrika nzima. Binti mzuri anakataa kila mchumba: huyu mfupi, yule ana kovu, yule mwingine baba yake hana ng'ombe. Siku ya ngoma anatokea kijana asiye na doa, hakuna anayemjua kwao. Binti anamfuata. Mdogo wake, ambaye kila mtu humdharau kwa upele wake, anawafuata nyuma kwa siri. Usiku, mwenyeji anapodhani wageni wamelala, mdogo mtu anaona mdomo wa pili chini ya nywele za shemeji, au mkia, au sura ya fisi. Wakitoroka ni kwa akili ya yule mwenye upele.

Amos Tutuola wa Nigeria alikitumia kisa hiki mwaka 1952 katika The Palm-Wine Drinkard. Bwana wake maridadi, anayefuatwa na binti kutoka sokoni, amekodi viungo vyake. Njiani anavirudisha kimoja kimoja kwa wenyewe na kulipa kodi, miguu hapa, mikono pale, hadi linabaki fuvu tupu linaloruka.

Bibi anayesimulia anajua anachotaka: mjukuu asiende na asiyejulikana kwao. Zimwi halibadiliki kwa kupendwa. Hakuna busu litakalolifanya mwana wa mfalme. Kama elimu ya usalama, somo hili ni zuri kuliko lolote lililotoka Forks.

Ila tumsikilize bibi vizuri, tutasikia na jambo lingine. Kosa la kwanza la binti yule, kabla hata ya kumfuata mgeni, ni kwamba alikataa wachumba. Kisa kinamwadhibu kwa kusema hapana. Kinamwambia msichana anayesikiliza kwamba mwenye kuchagua sana huangukia pabaya, na kwamba angemkubali yule mfupi aliyeletwa na baba haya yasingempata. Binti wa Beaumont alisema hapana kila jioni akaheshimiwa. Binti wetu alisema hapana akaliwa.

Damu nayo tunayo hadithi yake, lakini haina mapenzi. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 2000, alikusanya masimulizi ya mumiani kutoka Kenya, Uganda na kwingineko: wakati wa ukoloni watu waliamini kwamba wazimamoto na watumishi wengine wa serikali walikuwa wakiwakamata Waafrika usiku na kuwakamua damu. Mnyonya damu wa Afrika Mashariki ana sare, ana gari na ana mwajiri. Katika Tanzania ya Azimio la Arusha la 1967, mnyonyaji alikuwa tusi la kisiasa. Ni vigumu kumtamani mtu wa namna hiyo.

Wa kutamanika kwetu ni jini. Kila mtu wa pwani amesikia habari za jini mahaba, yule anayempenda mwanadamu, anayemjia usingizini, anayemwonea wivu na kumfukuzia wachumba. Filamu za Kiswahili zilimkimbilia mapema: katika Shumileta ya Mussa Banzi, jini wa kike anampenda mwanamume wa kibinadamu. Leo hadithi za aina hii hazingoji hata mchapishaji. Zinasomwa kwenye simu, kipande kwa kipande, kwenye makundi ya WhatsApp na kurasa za Facebook. Mtunzi anakatisha pale mlango unapofunguka wenyewe saa nane usiku, kisha anatangaza kwamba anayetaka sehemu inayofuata atume chochote kwa namba ile. Wasomaji wake wengi ni vijana, na wanatuma.

Kwa mtu aliyekulia na habari za jini mahaba, ukurasa mmoja wa Twilight husomeka tofauti kabisa na anavyousoma msichana wa Arizona. Edward anamwambia Bella kwamba amekuwa akiingia chumbani kwake usiku na kumtazama akilala, muda mrefu kabla hawajawa wapenzi. Bella anaona haya, anataka kujua aliongea nini usingizini. Jirani wa Mombasa angekuwa ameshauliza lini anapelekwa kusomewa.

Hapana isiyosikika

Hapa ndipo neno langu na vitabu hivi lilipo. Meno hayanisumbui, wala giza. Kijana anaweza kusoma kuhusu damu na kifo akalala vizuri, na giza lenyewe wakati mwingine husema kweli kuliko mwanga. Katika New Moon, 2006, Edward anapomwacha Bella, Meyer anaweka kurasa zilizo tupu, zenye majina ya miezi tu: Oktoba, Novemba, Desemba, Januari. Kijana aliyewahi kuachwa ataelewa kurasa zile kuliko mawaidha mengi ya watu wazima. Ninachokitafuta ni kile alichokuwa nacho binti wa Beaumont. Msichana akisema hapana, nini kinatokea?

Katika Eclipse, 2007, Bella anataka kwenda kumwona rafiki yake Jacob. Edward anaona ni hatari. Bella anapanda gari lake la zamani, linakataa kuwaka, na Edward yuko pembeni yake na kipande cha injini alichokichomoa. Siku nyingine anamwomba dada yake Alice amshikilie Bella nyumbani kwao mwisho wa juma, na Alice analipwa gari la Porsche kwa kazi hiyo. Yote yanaitwa kumlinda. Kwa haki ya mwandishi, Edward baadaye anajirekebisha, anamwacha aende na hata kumfikisha mpakani mwa eneo la kina Jacob yeye mwenyewe. Lakini msomaji wa miaka 14 ameshajifunza kwamba kufungiwa ni dalili ya kupendwa sana.

Jacob si afadhali. Katika kitabu hichohicho anambusu Bella kwa nguvu. Bella anamtupia ngumi, na kwa kuwa Jacob ni mtu anayegeuka mbwamwitu, mkono unaoumia ni wa Bella. Wanafika nyumbani. Baba anauliza kulikoni, anaambiwa binti yake amebusiwa asipotaka, naye anampongeza kijana. Baba huyo ndiye mkuu wa polisi wa Forks. Tukio limeandikwa kama kichekesho. Ukurasa ule unanitisha kuliko kiu yote ya Edward, kwa sababu hauna uchawi wowote ndani yake: kijana aliyelazimisha, binti aliyeumia, na mzazi, tena askari, aliyeona ni mambo ya vijana. Kila mtaa unaijua nyumba hiyo.

Nje ya kitabu pia kuna ambao hawakuulizwa. Mbwamwitu wa Meyer ni Waquileute, na Waquileute ni watu wa kweli, wenyeji wa La Push, kijiji cha pwani karibu na Forks. Masimulizi yao ya asili yanasema kwamba watu wa kwanza waligeuzwa kutoka mbwamwitu. Meyer alichukua sehemu hiyo akaongeza yake, na baada ya filamu jina la kabila likaonekana kwenye bidhaa za maduka ambayo hayakuwa ya kabila. Makumbusho ya Burke ya Seattle yalishirikiana na Waquileute kuandaa maelezo ya kutenganisha ukweli na riwaya. Wakati huo shida halisi ya La Push ilikuwa bahari: shule na nyumba zilikuwa kwenye ukanda wa hatari ya tsunami. Sheria ya mwaka 2012, iliyotiwa saini na Rais Obama, ndiyo iliyowarudishia zaidi ya ekari 700 za ardhi ya Hifadhi ya Olympic, ikiwemo ya juu wanakoweza kuhamia.

Waandishi waliosahihisha

Mafanikio ya Meyer yalifungua njia kwa wengi. Wengine walikwenda upande wa watu wazima: Fifty Shades of Grey ya E. L. James, 2011, ilianza kama kisa cha shabiki kuhusu Edward na Bella, kikabadilishwa majina na kuondolewa meno. Wanaonivutia zaidi ni waliorudi kwenye swali la posa.

Sarah J. Maas mwaka 2015 alichapisha A Court of Thorns and Roses, kisa cha Feyre, msichana mwindaji anayemuua mbwamwitu bila kujua kwamba ni kiumbe wa ulimwengu wa siri, akachukuliwa kwenda kuishi kwa bwana wa huko, Tamlin. Umbo ni la Beaumont waziwazi, na mwisho wa kitabu wanapendana. Mwaka uliofuata Maas alifanya jambo ambalo waandishi wa mapenzi hulikwepa. Katika kitabu cha pili, Tamlin anamfungia Feyre ndani ya nyumba, kwa usalama wake, kama Edward alivyochomoa kipande cha injini. Safari hii hakuna kicheko wala Porsche. Feyre anavunjika, anaondoka, na harudi kwake kama mpenzi. Wasomaji waliokuwa wamempenda Tamlin walilazimika kurudi kwenye kitabu cha kwanza na kuzitazama upya dalili walizozifurahia. Vitabu hivyo vina mambo ya chumbani yasiyofaa watoto, na tangu 2020 vimekuwa vikichapishwa kwa sura ya vitabu vya watu wazima, lakini somo la mlango uliofungwa ni la kila rika.

Holly Black alikwenda mbali zaidi katika The Cruel Prince, 2018. Jude ni binadamu aliyelelewa miongoni mwa viumbe wasiozeeka, na aliyemlea ndiye aliyewaua wazazi wake. Mwanamfalme Cardan anamtesa na kumdhalilisha shuleni. Black anaweka sharti moja, na kisa kizima kinazunguka juu yake: viumbe wale hawawezi kusema uongo. Jude anaweza. Ana kasoro ya kibinadamu, na kasoro ndiyo silaha. Mwisho wa kitabu amemfunga Cardan kwa ahadi ya kumtii kwa mwaka mmoja na siku moja, muda uleule ambao Ruthven alimfunga rafiki yake kwa kiapo miaka 200 kabla. Safari hii mwenye meno ndiye aliyeapishwa. Mapenzi yao yanakuja baada ya nguvu kusawazishwa, na hata hapo Jude halali usingizi mzito.

Orodha na ufunguo

Watu wazima wamejibu vitabu hivi kwa njia wanayoizoea. Chama cha Maktaba cha Marekani kiliiweka Twilight kati ya vitabu kumi vilivyolalamikiwa zaidi mwaka 2009 na tena 2010. Agosti 2024 jimbo la Utah lilitoa orodha ya vitabu 13 vya kuondolewa katika shule zote za umma. Sita kati yake ni vya Maas.

Sipingi kwamba kuna vitabu ambavyo umri fulani haujavifikia. Maktaba ya shule ya msingi si mahali pa kila riwaya, na mwalimu anayejua kazi yake huchagua. Lakini orodha za marufuku hutazama ngozi, damu na kitanda, basi. Ukurasa wa baba anayempongeza aliyembusu binti yake kwa nguvu hauna ngozi wala damu, na hauwezi kumfanya karani wa orodha ainue hata nyusi. Kisha marufuku haina maana kwenye simu. Simulizi ya jini mahaba inayomfikia binti wa kidato cha pili saa nne usiku haikupita maktabani, haina mhariri, haina umri uliobandikwa juu ya jalada. Mzazi anayetegemea orodha amefunga mlango wa nyumba isiyo na kuta.

Kwa hiyo naweka hukumu yangu wazi. Hadithi za mapenzi ya giza zina nafasi katika maisha ya vijana, na zimekuwa nayo tangu enzi za bibi na zimwi lake. Umri wa miaka 15 ni umri wa kutaka kujua nini kipo nyuma ya uso mzuri, na ni heri kujua kwenye karatasi kuliko kwenye gari la mtu. Kisa kibaya katika kundi hili ni kile ambacho hapana ya msichana haibadilishi kitu, kikauita upungufu huo mapenzi. Kisa kizuri ni kile ambacho kiumbe mwenye nguvu zote anasimamishwa na neno moja, au akikataa kusimama, kitabu chenyewe kinamwita kwa jina lake.

Watunzi wa Kiswahili wanaoandika kwenye simu wana faida ambayo Meyer hakuwa nayo. Jini mahaba wao tayari anajulikana kuwa ni tatizo. Hakuna msomaji anayehitaji kuambiwa kwamba wivu wake si tunu. Wawaandike wasichana wanaompa masharti jini huyo, wasichana ambao kukataa kwao hakuwapeleki tumboni mwa zimwi kama kulivyompeleka yule wa hadithi ya bibi. Wasomaji wapo, na wameshathibitisha kwamba wako tayari kulipa.

Nawe mzazi, ukimkuta mwanao na kitabu cha namna hii, usimnyang'anye. Muombe akimaliza akuazime. Kisome chote, hata sehemu zitakazokukera, kisha mkae na muulize swali moja: huyu binti angesema hapana, ingekuwaje? Muulize binti, na muulize na mvulana, maana yeye ndiye atakayeambiwa neno hilo siku moja.